Dokta Amerudi Jukwaani kwa Jina Lake

Chumba cha Ushonaji,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Hujambo, na Mama Mdogo je? Mgongo wake umepoa? Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, na ulimi wake, kama unavyoujua, haujawahi kuugua.

Barua yako nimeipata. Unataka mdogo wangu Dokta abadili jina kabla hajapanda jukwaani, eti jina la ukoo limeshachafuka vya kutosha. Nimecheka, kisha nikakasirika. Hasira haijaisha, kwa hiyo nivumilie.

Alipokuwa mtoto akiigiza daktari kwenye televisheni, jina hilo hukuliona chafu. Ulikuwa unampigia simu mbele ya wageni, unaweka spika, wasikie kwamba Dokta ni mwanao. Siku alipolewa, akamgonga mlinzi wa geti kwa gari na kukimbia, ghafla akawa mtoto wa Mama peke yake.

Simtetei. Alikosa, akahukumiwa, akafungwa, akamaliza. Mlinzi yule anachechemea mpaka leo. Dokta alikwenda kumwomba radhi, akafungiwa mlango. Alisema mwenye mlango ana haki, akarudi nyumbani kwa miguu.

Sasa kikundi chetu cha maigizo kimempa nafasi ya bwana harusi katika mchezo wa kuchekesha. Mavazi nashona mimi, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Siku ya kwanza ya mazoezi, mwongozaji alipuliza filimbi ili watu wanyamaze. Dokta akachuchumaa papo hapo, mikono kichwani. Ndivyo walivyokuwa wakihesabiwa gerezani. Nilijichoma sindano.

Mwongozaji akafurahi. "Hiyo tuiache humo humo mchezoni! Watu wanajua ulikotoka, ukumbi utajaa."

Dokta akasimama, akajipangusa magoti. "Nimekuja kuigiza, bosi, sikuja kuonyeshwa."

"Basi nafasi nampa mwingine."

"Mpe." Akaanza kuvua koti, na pini zangu bado zimo.

Nielewe, Baba Mdogo. Tangu atoke, kila anayemwita kazini anataka aje na pingu zake. Lakini bibi harusi wetu wa mchezoni, mama mtu mzima asiyependa upuuzi, akauliza, "Na mimi nivue?" huku anafungua shela. Mwongozaji akatutazama, akatia filimbi mfukoni. Tangu siku hiyo, akitaka tunyamaze, anapiga makofi.

Onyesho la kwanza ni Ijumaa. Bango liko mlangoni, na jina la Dokta limeandikwa zima, la kwake, la baba na la ukoo. Kwa mchapaji nililipeleka mwenyewe.

Nisalimie Mama Mdogo, mapacha, na shemeji yangu fundi redio. Mungu awalinde, awape usingizi mwema na riziki isiyo na maneno.

Na hilo jina, Baba Mdogo, kama linakuwasha, badili la kwako.

Mimi mwanao, ninayekupenda hata nikinuna,
Fundi Cherehani