Nusu Kichwa

Jumamosi, 28 Desemba 1968

Kuanzia mwaka mpya wigi langu litakuwa kosa. Vijana wa chama watasimama Kariakoo na kwenye vituo vya basi, wakague mawigi na vimini. Ofisini wenzangu wanacheka. Mie sicheki. Wao chini ya wigi wana nywele — mie nina kichwa cha msiba. Mwezi wa kumi tulipomzika mama kule Newala tulinyolewa watoto wake wote. Kule watu walikiona kichwa wakajua, wakasema pole. Huku Dar mwanamke mwenye upara anaulizwa kama anaumwa. Ndiyo maana nikanunua wigi.

Na Mwishehe wangu anavyozisifu nywele zangu! Masikini. Hajui anasifu duka.

Jumatano, 1 Januari 1969

Sikukuu. Sikutoka. Mwishehe kaja na habari: Jumapili niende Buguruni nikaonane na mama yake, Bi Chausiku. Yeye akiniridhia, mambo ya posa yatazungumzika, hata hili la mie Mkatoliki na yeye Mwislamu. Asiponiridhia, basi. Mwishehe hawezi kuoa bila radhi ya mama, na mie sitamwomba afanye hivyo.

Nilikuwa nimejifunga kitambaa. Kauliza mbona leo nimezificha. Nikasema joto. Halafu huruma ikanishika, nikakivua, nikamweleza yote. Kaniangalia wee. Kisha akanipapasa kichwa kwa kiganja, taratibu. Kasema, kumbe una masikio mazuri hivi. Nampenda mno mtu huyu.

Jumamosi, 4 Januari

Wigi nimelifungia sandukuni. Filomena, jirani yangu wa chumba cha pili, kanisuka. Naye wa Newala kama mie. Nywele fupi, hazishikiki, machozi yamenitoka. Mitindo yote imemshinda, kabakiwa na mmoja: mistari minne ya haraka haraka, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni. Kasema ameona wanawake wa hapa Mtoni wamesukwa hivyo. Kioo kinasema nimependeza — ila kioo chenyewe kimepasuka.

Jumapili, 5 Januari

Nimerudi sasa hivi kutoka Buguruni. Niandike kabla sijapoa.

Bi Chausiku alikuwa uani na shoga zake wawili. Nikapiga goti, shikamoo mama. Marahaba. Nikashusha mtandio. Shoga mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Kumbe mtindo una jina! Unaitwa twende kilioni. Ni wa kusukwa haraka haraka pakitokea msiba. Mtu mzima, nimekwenda ukweni na twende kilioni.

Bi Chausiku akanitania, "Mwanangu, umekuja kututazama au umekuja kuhani? Kafa nani?"

"Mama yangu," nikasema. Lilitoka lenyewe.

Bi Chausiku akauliza lini. Nikamwambia mwezi wa kumi, na kwamba sie kwetu hunyoa. Akavuta mkeka, akanikalisha chini mbele yake.

"Aliyekusuka hana kosa, ila ana mkono mzito. Mfiwa hakazwi hivi."

Akafumua upande wa kushoto, akanipaka mafuta ya nazi, akaanza upya, polepole. Hakuniuliza dini. Hakuniuliza kabila. Aliniuliza mama alikuwa akiitwa nani. Avelina, nikasema. Akalirudia jina. Nikalia, naye hakunibembeleza, aliendelea kusuka tu. Nilishukuru.

Mwishehe akakohoa mlangoni, anataka kuingia. Mama yake akamwambia, "Ngoja huko huko. Hujaambiwa kitu bado."

Kisha ikaadhiniwa magharibi. Akaninyanyua na nusu kichwa.

"Kesho urudi. Na usimpe mtu mwingine akimalize."

Sasa hiyo ni ndiyo au siyo? Mwishehe njia nzima ananiuliza mama kasemaje. Nimemwonyesha kichwa.

Jumatatu, 6 Januari

Ofisini na kitambaa. Upande wa kushoto wa Bi Chausiku, upande wa kulia bado wa Filomena. Kulia kunauma, kushoto hata sikusikii. Bosi kauliza kama nimesilimu. Nikamjibu nasukwa, sijamaliza.

Asubuhi Filomena aliniuliza kama anipikie na mie chakula cha jioni. Nikamwambia asihangaike, nikitoka kazini napitia kwa mama. Akaniangalia. Nami nikamwangalia. Hakuna aliyesahihisha.