Pale Palipokatwa

Jumatatu, 3 Machi

Kitabu kipya studio. Riwaya ya kutisha — mimi tena! Nilimwambia Bosi sauti yangu ni ya hadithi za mapenzi na vitabu vya kilimo. Akacheka. Akasema kitabu kinauzika kama njugu, na nusu ya wanaokinunua wanakinunua ili wakitukane. Kisa ni sura ya kumi na tisa. Wapo waliokirudisha dukani. Yupo mmoja, eti, alitapika ndani ya basi.

Sura mbili za kwanza nimezirekodi bila tabu. Mgodi, wachimbaji, kitu kinachowala chini kwa chini. Fundi mitambo anasema nasoma vizuri nikiogopa. Sijui ni sifa au ni matusi. Tunamwita Kobe kwa jinsi shingo inavyomzama kati ya zile hedifoni.

Jioni Mama kauliza, "Safari hii wanaoana au wanauana?" Wanauana, nikamwambia. "Afadhali. Za kuoana zote zinafanana." Macho yake siku hizi hayaoni zaidi ya kivuli cha mtu mlangoni, kwa hiyo kila ninachorekodi humfikia yeye kwanza, kwenye kispika chake kidogo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa opereta wa simu. Anajua watu kwa sauti. Hakuna mkaguzi mkali kama yeye — nikimeza herufi moja tu, naambiwa mbele ya wageni.

Jumatano, 5 Machi

Nimeisoma sura ya kumi na tisa. Kwa macho tu, kwenye benchi nje ya studio, chai ikipoa mkononi.

Mchimbaji amekufa. Analetwa nyumbani ndani ya sanduku lililopigwa misumari, na maagizo: lisifunguliwe. Mkewe anawatoa watu wote chumbani. Anachukua nyundo. Anafungua. Halafu anaangalia, kurasa nne nzima. Mwandishi hasemi "alikuwa ameharibika", akapita. Anataja. Sikio. Taya. Bega, na pale bega linapoishia. Mwisho yule mama anatafuta kitana na kuchana nywele zilizobaki.

Nilifunga kitabu kwa kishindo hadi mlinzi akageuka. Hasira! Hii ni fasihi au ni bucha? Lile dude la mgodini halimo humo hata mstari mmoja. Ni mwanamke na sanduku basi. Inamsaidia nani?

Acha niandike, hakuna atakayesoma. Baba aliuawa na boila ya kiwandani ilipopasuka. Nilikuwa darasa la tano. Mjomba, mdogo wake Mama, ndiye aliyekwenda kumtambua. Na kwa kuwa ni seremala, sanduku alilitengeneza mwenyewe, akalileta limeshafungwa. Mama alitaka kumwona. Mjomba akamwambia, "Yuko kama amelala, dada. Mkumbuke hivyo hivyo." Kama amelala! Sasa mbona limefungwa? Hakuna aliyeuliza. Nyumba nzima tulinyamaza kama maji mtungini, na mpaka leo jina la Baba likitajwa mtu hukohoa, mwingine akaenda kutazama sufuria.

Siisomi sura ile. Afukuze kazi anayetaka kufukuza. Mama hataisikia kutoka kinywani mwangu.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi kaleta mwandishi mwenyewe! Nilitarajia mtu wa kutisha, miwani myeusi, mapete. Kaingia mama mwembamba, mwalimu mstaafu wa hesabu, mkoba kaupakata kama yuko kwa daktari. Akaomba maji.

Mimi nilishalivalia njuga. Nikamuuliza moja kwa moja: Mwalimu, sura ile ina kazi gani? Ukiitoa, hadithi haipungui.

Akakubali! Haipungui, akasema, ameshaitoa mara nyingi. Halafu? "Halafu nikisoma upya naona watu wanakufa kitabu kizima na hakuna aliyekufa."

Nikamwambia hayo ni maneno matamu, lakini sura ya saba je, ile ya kung'oana macho? Hapo kweli kaona haya. Akasema ile alitia chumvi, alihofia wasomaji watasinzia. "Hiyo kateni, sitalia. Ya sanduku hapana." Sasa na wewe, Mwalimu, unajuaje ipi ni chumvi na ipi siyo? Nilitegemea jibu kubwa. Akasema hajui vizuri. Ile ya macho aliiandika huku akiwaza msomaji atashtuka vipi. Ya sanduku aliiandika huku akimwaza yule mama tu, na hakuweza kumzuia asifungue.

Kisha akanigeukia. "Wewe ungefungua?"

Nikaitazama feni ya Bosi. Ina vumbi, ile feni.

Mwishowe Bosi kakata kauli: nirekodi yote, yatoke matoleo mawili, kamili na lililopunguzwa. Kila msikilizaji achague mwenyewe. Mwalimu hakupenda, lakini kanywea. Na mimi nikanywea, kwa sababu nyingine. Lililopunguzwa ndilo la Mama.

Jumanne, 11 Machi

Nimeirekodi. Mbinu yangu: kuisoma kwa sauti kavu, kama mtu anasoma masharti ya nyumba ya wageni, ili makali yaishe. Kobe hakunisimamisha hata mara moja. Nilipomaliza akavua hedifoni, akatoka nje. Karudi uso umelowa maji. Akasema nimeisoma vibaya makusudi, na hicho ndicho kilichommaliza.

Naenda kulala.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemletea Mama lililopunguzwa. Alipapasa ile flashi, akaipuliza, akauliza kama ndiyo kitabu chote. Nikasema ndiyo. Sikupepesa hata ukope. Alimaliza sura kumi na moja kabla ya chakula cha jioni, akimsonya kila mchimbaji aliyeshuka mgodini peke yake. "Huyu naye! Si ameshaambiwa!" Nilicheka nikasahau.

Jumapili, 16 Machi

Mchana. Nilikuwa nafua. Nikasikia sauti yangu kutoka sebuleni, sentensi ile ile, kisha ile ile, kisha ile ile. Nikajua.

Mama alikuwa amekaa wima kabisa, kispika mapajani. "Hapa pamekatwa," akasema.

Nikajitia sielewi. Akarudisha tena: yule mama anawatoa watu chumbani, anafunga mlango — na mara asubuhi, watu wako makaburini. Nikasema labda Kobe kakosea kuunganisha.

"Usimsingizie mtoto wa watu. Kakata vizuri. Wewe ulivuta pumzi ya sentensi ndefu, ukasema fupi." Amepokea simu za watu maisha yake yote. Anajua mtu anapoanza kusema jambo akalimeza. "Kuna nini hapo katikati?"

"Sanduku, Mama."

"Kalifungua?"

"Kalifungua."

Nilidhani atalia, nikaanza kusogea. Hakulia. Akasema taratibu tu, kama anauliza nauli, "Na hapa pia mmeona nisione."

Sikuwa na pa kuweka mikono. Povu likawa linadondoka sakafuni. Nilitaka kumwambia nilikuwa namhurumia, lakini hayo ndiyo maneno yenyewe aliyoambiwa siku ile ya Baba, na watu wale wale wa nyumba hii. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka.

Akaniagiza nimpigie Mjomba. "Mwambie mlango wa jiko haufungi." Si uongo, una miezi haufungi. Mjomba kaja na mfuko wake wa vifaa, kaleta na utani wake: wanawake wawili na mlango mmoja umewashinda! Mama akamwambia mlango utangoja, aketi kwanza, mtoto anamsomea kitabu. Mjomba akaketi ukingoni mwa kochi, mfuko katikati ya miguu.

Nikafungua ukurasa. Sikutumia sauti kavu wala sauti ya studio. Nilisoma kama ninavyoongea. Yule mama anawatoa watu. Anafunga mlango. Anachukua nyundo, anaingiza makucha ya nyundo chini ya kichwa cha msumari wa kwanza.

Mjomba akajikohoza. "Kitabu gani hiki?"

"Soma," Mama akasema.

Msumari wa pili. Wa tatu. Mbao inalia. Nikamwona Mjomba anautazama mfuko wake. Akasema huyo mwandishi hajawahi kushika nyundo, misumari ya sanduku haitoki hivyo, ingepasua mbao. Mama akamgeukia.

"Ya sanduku la mume wangu ingetokaje?"

Mjomba akacheka kidogo, kile kicheko cha kutafuta mlango. Halafu akaacha kucheka. Akasema lile halikuwa na misumari. Alitumia skrubu. Nane.

"Skrubu hufunguliwa," Mama akasema.

"Hufunguliwa, dada."

"Sasa kwa nini skrubu?"

Mjomba ana mikono mikubwa, na leo ilikuwa midogo. Akasema alidhani Mama atamlazimisha. Alikaa na bisibisi mfukoni siku ile nzima, na usiku, na njia yote ya kwenda makaburini. Akasema Mama angemwambia mara moja tu zaidi, angefungua. Mama akasema alimwambia mara mbili, na mara ya pili watu walimshika mabega wakampeleka chumbani, na Mjomba akiwa kasimama pale pale. Mjomba akasema ndiyo. "Nilikuwa nimesimama, dada." Ndiyo.

Sijawahi kusikia mtu mzima akitamka ndiyo ya namna hiyo. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alikuwa kijana mdogo siku ile, mdogo kuliko Kobe.

Mama akanyoosha mkono hewani mpaka akampata magotini. "Alikuwa kama amelala?"

Hapo ndipo nilipokuja jikoni kuchemsha chai. Hakuna aliyeomba chai. Kitabu nimekuja nacho, kiko hapa mezani, kimefunguka ukurasa ule ule, na nimeona nisiposhika kalamu nitaangusha vikombe. Mwalimu aliniuliza swali nikatazama feni. Sasa najua jibu la Mama. Langu bado.

Jiko linanguruma, siyasikii maneno, nasikia sauti tu. Ya Mjomba iko chini, inakwama, inaanza upya. Mama hamkatizi. Mlango huu haufungi, hata nikiuvuta unarudi. Nikizima jiko nitasikia kila kitu, na Baba wa kulala, niliyekaa naye miaka yote hii, ndiyo basi tena.

Mama kaita. Si kwa ukali. "Njoo na wewe, mwanangu. Alikuwa baba yako."

Nimezima jiko. Mjomba anaanza na mikono ya Baba —