Juu ya Moyo Hatutaniani

Mtani wangu Mshamu,

Waandikao barua huanza kwa kuulizana hali. Yako siwezi kuiuliza, na yangu usingependa kuijua. Miguu imevimba, nalala nimeegemea mito, na mkono huu uliowafundisha kuandika makarani wengi wa Lindi leo unahangaika na kalamu. Nakuandikia kwa sababu lipo swali nililokuja nalo kwako siku niliporudi kutoka Mingoyo. Nilipofika nikakuta majamvi yametandikwa nje ya nyumba yako na watu wameinamisha vichwa. Ulikuwa umeshaondoka. Nilisimama pale nikafikiri, hata kufa amekufa kwa ujanja.

Unajua ada yetu. Ukoo wenu na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Ukifa wewe, mimi ndiye wa kulizuia jeneza njiani, kulala mbele yake, kukuigiza unavyotembea na unavyokohoa, mpaka waliao wacheke na wafiwa wanipe chochote ndipo mpite. Watu walikuwa wakinisubiri. Walijua nitakuigiza unavyobana kile kioo jichoni na kuitazama saa ya mteja kama vile unatazama mgonjwa asiyepona. Nilisimama kando ya njia, mikono nimeificha ndani ya kanzu, jeneza likapita. Mzee mmoja akaninong'oneza, "Mwalimu, mtani wako anapita hivihivi?" Shehe alipouliza mnamjuaje marehemu huyu, wote walisema ni mtu mwema. Mimi nilifumba mdomo.

Mji mzima ulilisema jambo hilo. Waliokuwa na huruma walisema Mwalimu amezidiwa na huzuni. Haikuwa huzuni, Mshamu.

Tulitaniana maisha yetu yote na sikuwahi kukukasirikia. Nilipostaafu uliniletea saa ya ukutani ambayo mishale yake ilirudi nyuma, ukasema, "Hii ni ya wazee, Mwalimu, itakurudisha ujanani." Mimi nikawatangazia wateja wako kwamba umekufa, wakaja mbio kudai saa zao, ukawakuta wamejaa barazani kwako wakigombana. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mtani haruhusiwi kununa, nasi hatukununa. Ndiyo maana siku ile ya sanduku nilikuuliza kabisa, kwa maneno, ili nisije nikakosea.

Lakini kwanza kuanguka kwangu. Nilianguka sokoni katikati ya vikapu vya muhogo, nikazinduka nimezungukwa na watu wananimwagia maji. Ulinipeleka mwenyewe kwa yule daktari Mzungu kijana. Alinipima, akasema moyo una umeme wake mdogo unaoanzia juu na kushuka chini, na ndio unaoupa mapigo. Kwangu mimi njia ya umeme huo ilikuwa imeharibika. Kuna siku unapita, kuna siku unakwama, na ukikwama naanguka. Nikamuuliza dawa. Akatikisa kichwa, kisha, kwa kuwa aliniona mtu wa kusoma, akatoa majarida yake na kutueleza mambo yanayofanyika ng'ambo.

Mimi nilisikiliza kwa woga. Wewe ulisikiliza kama mtoto anayesimuliwa hadithi. Alitueleza mashine ya zamani, ya kuzungushwa kwa mkono kama gramafoni, na sindano yake inachomwa kifuani. Akatueleza nyingine kubwa kama kabati, inachomekwa ukutani na kuupiga moyo umeme kwa juu ya ngozi. Mgonjwa anapata maumivu makali, na umeme wa mji ukikatika naye yuko mashakani. Halafu akafika kwenye kile kisanduku kidogo cha betri ambacho mgonjwa anatembea nacho, nyaya zake zimeingia mpaka moyoni. Akasema Mmarekani aliyekibuni hakuwa daktari, alikuwa fundi wa kutengeneza vyombo vya umeme. Akataja pia kwamba huko Swideni wameshaanza kuzika chombo chote ndani ya kifua cha mtu. Wewe hukumsikia. Ulikuwa umebaki kwenye neno fundi.

Tulipotoka ulikuwa unatembea mbele yangu, mimi mgonjwa nikikukimbilia. "Betri ninazo," ulisema. "Nyaya ninazo. Saa ndiyo kazi yangu, na moyo ni nini kama si saa? Nipe muda tu."

Daktari alikuwa amesema jambo moja zaidi, nasi wote wawili tulilisikia: nihamie Dar es Salaam, kwenye hospitali kubwa, nikae karibu nayo. Sikwenda. Nilikusubiri wewe.

Ukaleta sanduku. Lilikuwa la mbao laini, ukubwa wa msahafu, na mkanda wa ngozi wa kulifunga kifuani. Nyaya mbili zilitoka ndani, mwisho wake vibati viwili, na chini ya vibati pamba uliyoilowesha maji ya chumvi. Uliponifunga nikasikia linagonga ubavuni, polepole, sawasawa, kama mtu mpole anayebisha hodi. Nikakushika mkono. Nikakuuliza, "Mshamu, hii si ya utani?"

Hukucheka. Hata jicho hukulikwepesha. Ulisema, "Juu ya moyo hatutaniani, Mwalimu."

Maneno hayo nimeyabeba kuliko nilivyolibeba sanduku. Ungeyasema kwa kucheka, ningekuwa mtani wako mpaka leo.

Kila Ijumaa baada ya sala ulikuja kubadili betri. Ulinigeuzia mgongo ukifungua, ukisema pumzi na mate vinaharibu mitambo. Mimi nikaanza kutembea tena mjini. Nilipanda mpaka shuleni kuwaona vijana waliochukua nafasi yangu. Nilianguka mara chache tu, na kila nilipoanguka ulisema betri ilikuwa chovu. Nami nikawa mtangazaji wako. Nilikaa barazani nikieleza habari za umeme wa moyo kama vile nilizisomea, nikifungua vifungo vya kanzu kuwaonyesha watu. "Fundi wetu wa Lindi," nilisema, "amewafikia wale wa Marekani."

Ndipo Somoe akaanza kuanguka.

Unamkumbuka dada yangu, unajua alivyokuwa. Ulipomtembelea shambani kwake Rutamba alikupikia kisamvu akakitia chumvi tupu, kisha akakusimamia umalize, akisema, "Kula, shemeji wa uongo, mtani hali kitamu." Ugonjwa ulikuwa uleule, wa ukoo. Daktari alimwambia aje akae mjini, aache jembe. Alikataa, ana muhogo shambani na wajukuu wa kulisha. Nikamwambia asihangaike, lipo sanduku. Nikaja kwako nikakuomba la pili.

Hapo, Mshamu. Hapo ndipo ninapotaka kukukamata kanzu nikutikise. Ulikuwa na nafasi. Ungesema betri zimekwisha. Ungesema ngoja, au mbao hakuna, au umezeeka. Uliinama kwenye meza yako, ukasema, "Mpe pole. Nitamtengenezea jepesi, la kike." Ukalitengeneza, ukalipaka hata rangi ya buluu.

Mimi ndiye niliyemfunga mkanda. Alicheka, akasema, "Kaka, mmenifunga kengele kama ng'ombe." Akarudi Rutamba na jembe lake. Ijumaa ya kwanza ya kubadili betri haijafika, walimkuta kwenye matuta ya muhogo, sanduku linagonga kifuani mwake, yeye ameshapoa. Lilikuwa bado linagonga walipomleta nyumbani. Binti yake alidhani mama yuko hai, akakataa asifunikwe.

Ulikuja mazikoni. Ulichimba kaburi pamoja na vijana, na umri ule, mpaka ukaporwa jembe. Nilikuona unalia nikasema moyoni, mtani wangu ananipenda. Nilikufariji mimi wewe.

Baada ya hapo ulianza kuumwa. Ijumaa yako ikapita, sanduku langu likanyamaza, nikakuletea kitandani ulipokuwa. Ulisema, "Usilifungue, Mwalimu. Ngoja niinuke." Ulilishika kwa mikono miwili hukutaka kuliachia. Nami niliogopa kufa, Mshamu, ndiyo kweli. Niliogopa kuliko nilivyokuheshimu. Nikalichukua mpaka Mingoyo, kwa yule fundi wa redio wa pale njia panda. Akalifungua mbele yangu. Akaangalia, akaniangalia, akaangalia tena. "Mzee wangu," alisema, "hii ni saa ya kengele, imetolewa kengele. Betri haijafungwa kwenye kitu. Nyaya hizi zimepigwa fundo tu hapa ndani." Akanivutia waya mmoja ukatoka mkononi mwake kama uzi kwenye nguo mbovu. Kwa upole akauliza kama ilikuwa mchezo wa wajukuu.

Njia yote ya kurudi nilikuwa natunga maneno ya kukuambia. Nilikuta majamvi.

Mkeo alipotoka eda alikuja kwangu. Alikaa mbali, kwa adabu, akasema, "Shemeji, najua kwa nini hukulizuia jeneza. Aliniambia mwenyewe alipokuwa anaumwa." Kisha akanieleza kwamba la kwanza ulilitengeneza kweli. Ulilijaribu kwenye kifua chako, uani, mchana kweupe, naye akakukuta umeanguka kando ya ndoo, umeuma ulimi, na harufu ya ngozi iliyoungua. Waliokuosha waliyaona makovu mawili ya duara na hawakujua ni ya nini. Ulimwambia huwezi kunifunga kitu kile, kitaniua, na huwezi kuniambia umeshindwa, maana ulikuwa umeniona nikikungoja. Ukasema mtu akisikia kitu kinagonga hatakata tamaa. Akalia, akaniomba nitoe radhi ili ulale vizuri. Nikamwambia aniache nifikiri.

Nimefikiri. Makovu nayaamini. Ulinipenda mpaka ukajichoma, hilo nalikubali. Lakini swali nililokuja nalo ni hili: ulinichukulia nani? Nilikuwa mtu mzima, nimefundisha watu hesabu. Ungeniambia, "Mwalimu, nimeshindwa," ningekucheka mwezi mzima, kisha ningepanda meli ya Dar es Salaam, na Somoe ningembeba kwa nguvu. Uliniona sifai kuambiwa ukweli. Ukanifanya mtoto anayepewa kijiti aache kulia, na mikono ya mtoto huyo ndiyo iliyomfunga dada yake.

Sasa langu, ambalo sijamwambia mtu, na nisingependa kufa nalo. Kabla Somoe hajaanza kuugua, sanduku lilinyamaza siku moja katikati ya wiki. Nililitikisa, halikugonga. Nikakaa kitini nikingoja kufa. Nikangoja, nikapata njaa, nikala, nikaenda msikitini nikarudi. Sikuanguka. Ijumaa ulipokuja nilikuambia tu kwamba limesimama, ukalitia ufunguo ukijifanya unabadili betri, nami niliisikia ile sauti ya ufunguo wa saa, krr, krr. Niliisikia, Mshamu. Nikatazama dirishani. Swali lilikuwa mdomoni nikalimeza, kwa sababu nililipenda sanduku, na nilipenda kukaa barazani nikiwa mtu aliyepona. Miezi michache baadaye nikamfunga dada yangu.

Basi ulinidanganya, nami nikakusaidia. Hilo haliipunguzi hasira yangu kwako. Limeiongeza, kwa kuwa sasa sina pa kuipeleka yote.

Mjini watu wanazungumzia uhuru. Duka lako amelichukua kijana anayeuza vitambaa. Kwenye meza yako ya saa kuna mkasi na futi ya kupimia. Daktari wetu amekwenda kwao. Kabla ya kuondoka aliniambia vile visanduku vya kweli vinazidi kuwa vidogo, na kwamba siku moja vitafika hata huku. Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba hapa kwetu vimeshapita viwili.

Leo asubuhi nilimwita binti ya Somoe nikamwambia yote, lako na langu. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mjomba, kwa hiyo mama alikuwa peke yake?" Nikasema ndiyo. Akachukua lile sanduku la buluu akaondoka nalo, hata kwaheri hakuniambia. Sikumlaumu.

Kesho, nikijaliwa, vijana watanibeba kwa kitanda mpaka kaburini kwako. Mkeo nimemwambia aje na kitu cha kunipa, hata karanga. Nitalala kando ya kaburi lako nilizuie kama nilivyopaswa kulizuia jeneza, nibane jicho, nikohoe unavyokohoa, niseme yale niliyokunyima: huyu hapa fundi wa saa ambaye saa yake ilikuwa sahihi kuliko yeye. Wacheke. Hilo ni deni la mababu, si lako, nami sitaki kufa nalo. Halafu nitasema mbele yao kwamba sehemu yangu nimekusamehe, na Mungu ashuhudie.

Sehemu ya Somoe siiwezi. Si yangu. Muombe mwenyewe, mko jirani sasa.

Kama hujamwendea, na nakujua, utakuwa umejificha, basi nisubiri. Sikawii. Nakuahidi sitakuacha ukaenda peke yako. Nitakapofika usinitanie kwanza, usiniulize habari za mjini. Nishike mkono twende kwa Somoe, tusimame mbele yake wote wawili, na wewe ndiye utaanza kusema.

Mtani wako,
Mwalimu