Chumba cha Mbegu Upande wa Jua

Mjukuu wangu Zuhura,

Hatujambo hapa Nkowe. Babu yako kikohozi kimemwachia, na mikorosho imetoa maua.

Unauliza kama wahudumu wa maabara waitwe kwenye kikao cha ramani ya jengo lenu jipya. Nilipokuwa msichana nilichambua mbegu za ufuta kwenye kituo cha utafiti Nachingwea. Siku moja mhandisi alitutandikia ramani ya jengo jipya, akauliza, "Kuna kasoro?" Wataalamu wakatikisa vichwa. Alipoanza kuikunja, nikasema, "Chumba cha mbegu kitapigwa na jua la alasiri. Mbegu zitaharibiwa na joto, hazitaota."

Akaikunjua tena. "Njoo unionyeshe, dada."

Chumba kilihamishwa, na mbegu zetu ziliota miaka yote.

Waite, mwanangu. Wakinyamaza mwanzoni, wape muda. Hata mimi niliogopa.

Bibi yako,
Somoe