Neno Alilolifungia Baba

4 Februari

Bi Maswali wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Mimi mzima, ila joto la huku kambini linatukaanga. Simu zetu bado zinashikwa getini, lakini kompyuta ya kazi, ingawa haituruhusu kutuma ujumbe, inanionyesha waifai ya nyumbani kana kwamba nimekaa sebuleni. Nimeona unachotafuta. Titi! Neno hilo nililikataza kwa nyumba nzima, nawe unazidi kubisha hodi. Nimeona aibu, mwanangu. Simu yako sasa nimeiachia masomo tu.

Baba yako

20 Februari

Shikamoo Baba,

Huku tunaendelea. Mama anakusalimu, anasema yeye mzima. Baba, si uchafu. Nimeapishwa nisiseme, na aliyeniapisha unamheshimu. Nakuomba ulifungue neno hilo siku moja tu, kisha ukae kwenye kompyuta yako uone ninachosoma.

Binti yako

7 Machi

Bi Maswali,

Salamu nyingi. Kiapo tena! Ulipokuwa mdogo ulimsingizia paka wizi wa sukari, leo umepata mtu mzima wa kumsingizia. Nimecheka, lakini sifungui. Kufunga waifai za watu ndiyo kazi yangu, najua watoto mnavyozunguka vizuizi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe mama unaye, muulize yeye mambo ya wanawake.

Baba yako

29 Machi

Shikamoo Baba,

Aliyeniapisha ni Mama. Ana uvimbe kwenye titi tangu kabla ya mwaka mpya. Alisema ukijua utaacha kazi. Alikuwa akijikanda kwa maji ya moto huku ananiambia, "Hebu tafuta humo, wanasemaje? Unapona wenyewe?" Nikatafuta, nikakuta neno umelifunga. Mama akasema baba yako hafungi kitu cha maana, kwa hiyo si jambo kubwa, tungoje. Sasa uvimbe umepasuka. Hospitali wanasema tumechelewa. Njoo.

Binti yako

14 Aprili

Mwanangu,

Sijui niwasalimuje. Barua yako nimeipata leo. Nimefungua kila kitu, neno lolote. Nisamehe. Nimepewa ruhusa, nakuja na basi la Ijumaa. Ila simu ya Mama siioni kwenye waifai tangu Jumapili. Mwambie aichaji. Hata asiponiandikia, niione tu imo, moyo utulie.

Baba yako

17 Aprili

Shikamoo Baba,

Barua yako imeniwahi kwa dereva wa basi, na hii nimempa yeye akukabidhi kabla hujapanda. Mjomba alituma habari ofisini kwenu. Kama hawajakufikishia, basi uisikie kwangu. Simu ya Mama niliizima mimi. Tulimzika Jumatatu.

Jana niliandika lile neno, likafunguka. Mstari wa kwanza unasema ukiona uvimbe usingoje. Nilikaa kitandani kwake nikamsomea kwa sauti, mpaka mwisho.

Binti yako