Mfalme Aliyeziba Mitaro

Jumamosi, mvua tangu alfajiri. Parklands inanuka, na nina hasira hadi chai haishuki.

Wiki tatu sasa maji machafu yanarudi juu kupitia vyoo vyetu. Landilodi mpya, wa tatu tangu tuingie hapa, anataka tutoke ajenge ghorofa refu. Tulikataa. Mama yangu husafishwa figo mara mbili kwa wiki hospitali ya hapa karibu. Nikimhamisha mbali, nani atamfikisha? Mama Nisha wa floo ya chini alishindwa na harufu. Amehama Alhamisi, baada ya miaka thelathini.

Leo fundi wa mabomba amefungua chemba ya maji taka akatoa magunia matatu ya kokoto. Moja limeandikwa kwa wino mweusi: KYALO, NAIROBI.

Ni yale magunia mama yake humtumia mbaazi kwa basi kutoka Kitui. Mbaazi zenyewe nimezila mimi!

Kyalo ni mwenyekiti wa wapangaji. Rafiki yangu. Mtu wa kwetu.

Mwezi uliopita nilikuwa natayarisha somo la kanisani juu ya Efeso, na mimi mwalimu wa historia sijui kunyamaza. Nikamsimulia Kyalo vile mji ule wa Wagiriki ulipita mikononi mwa Walidia, Waajemi, Aleksanda, kisha mfalme Lisimako, kabla ya Warumi kuuchukua. Lisimako alitaka watu wahamie mji mpya, wakakataa. Basi akangoja mvua, akaziba mitaro. Maji yakajaa manyumbani, wakahama. Kyalo alicheka mpaka akapaliwa na chai. Nikafurahi, nikidhani nimepata mwanafunzi.

Nimemwendea mlangoni. Hakukana. Ameahidiwa kazi ya kusimamia jengo jipya, na nyumba humo ndani. Akanitazama usoni bila haya.

"Mwalimu, si ni wewe ulisema hakuna mtu alipigwa? Walihama tu wenyewe."

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu mimi nilikionyesha hata pa kuuma.

Kesho baada ya ibada wapangaji wanakutana wamtoe Kyalo, na wanataka niwe mwenyekiti mimi, eti nimewaokoa kwa kumfichua. Hakuna anayejua wazo lilitoka kwa nani.

Jioni nimempigia Mama Nisha, nikamwambia maji yameshuka, arudi. Amesema ameshakabidhi funguo, haiwezekani tena. Akasema katika jengo lote ni mimi peke yangu sikumgeuka.

Nikasema asante.

Kesho nitawaambia, kabla hawajainua mikono kunichagua.