Mgeni Aliyelala Hemani

Duka la Betri la Abu Rakan,
Barabara ya Ngome,
Karak.
Alhamisi, 18 Septemba 2025

Mpendwa Rudaina, binti wa kaka yangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo huko Malmo? Kifua chako je? Baba yako kaniambia ulikohoa wiki nzima. Chemsha yale majani niliyokufungia kwenye soksi, unywe moto, usiwasikilize madaktari wa huko wanaokwambia unywe maji tu. Unakula? Unalala? Baridi imeshaanza?

Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu, lile nililoliumiza siku nilipoinua injini ya lori peke yangu. Najua baba yako husema ilikuwa betri tu. Baba yako hakuwepo.

Haya. Jumapili nimepokea ujumbe wako kwenye simu. Maneno matatu: "Sanad yuko sahihi." Maneno matatu, Rudaina! Kwa ami yako aliyekufundisha kuendesha gari, aliyekubeba mgongoni kwenye theluji ile kubwa mpaka hospitali, kilomita kumi na nne! Ndiyo maana sikukujibu kwa simu. Jambo hili haliingii kwenye simu. Nimechukua karatasi, na Bi Samiha wa duka la dawa anasafiri leo jioni kuja huko kwa mwanawe, atakuletea mkononi. Uisome mpaka mwisho ndipo useme nani yuko sahihi.

Kwanza ujue wewe ndiwe uliyeanza. Wewe ndiwe uliyeniachia ile mashine na mchezo wako wa Taji la Majivu ulipoondoka, ukaniambia, "Ami, utakuondolea upweke wa dukani." Nami nikaushika. Darasa niliishia la sita, hilo hulisikii nikilificha, lakini lile joka la darajani lililokushinda wewe na shahada yako, mimi nililiua kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika glasi ya chai. Watu wa mtaani waliingia dukani kutazama. Yupo aliyekuja kununua betri akasahau gari lake barabarani.

Miezi mitatu nimepigana. Nikafika mwisho, pale mvua inaponyesha, na Urzaki, mchawi aliyechoma vijiji kumi na viwili, anakuja hemani mwako amejeruhiwa, anaomba maji. Nikampa maji. Nikampa mkate, akala. Akalala. Ndipo mashine ikaniuliza: umchome kisu, au umwache?

Umchome kisu! Mgeni! Ana mkate wangu tumboni!

Nikamwacha, kama angefanya mtu yeyote aliyezaliwa na mama. Naye akaamka, akaenda zake, akachoma kijiji cha kumi na tatu, na runinga ikaniandikia kwa herufi nyeusi: Mwisho Mbaya. Mimi! Baadaye nikaambiwa kwamba anayemchoma kisu mgeni wake huchomozewa na jua, watoto wanamwimbia, anaandikiwa Mwisho Mwema. Tangu lini wema ukapimwa kwa jua kuchomoza? Wapo watu duniani wanaosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hata hao hawakusema mpe kisu.

Basi, Ijumaa iliyopita wakaja wazee wa posa kumwomba Wijdan wangu. Watu ishirini na wawili kutoka Tafila, na huyo kijana Sanad kakaa mwisho wa safu, shati limepigwa pasi mpaka linalia. Nilikuwa nimekwisha kukubali moyoni, haki ya Mungu. Wijdan anamtaka, mama yake, Umm Rakan, anamtaka, mimi mwenyewe nilishauliza habari zake kwa watu saba. Finjani ya kahawa ikawekwa mbele ya mshenga wao, Sheikh Hazaa, na wajua hawezi kuigusa mpaka mimi niseme, "Kunywa kahawa yako, umepata." Maneno yalikuwa ulimini.

Sheikh akamsifu kijana. Fundi umeme wa malori, anaswali, hajamwibia mtu hata kipande cha waya. "Ana aibu moja tu," akasema akicheka, "bado anacheza michezo ya runinga kama mtoto."

Mimi nikafurahi! Nikamgeukia. "Mchezo gani, mwanangu?"

"Taji la Majivu, ami."

"Umeumaliza?"

"Mara mbili."

"Na Urzaki alipolala hemani mwako?"

Akajibu bila hata kumeza mate, "Nilimchoma kisu."

"Amelala?"

"Amelala, ami."

"Ameshakula mkate wako?"

"Ameshakula."

Sheikh Hazaa akanong'ona, "Abu Rakan, kahawa inapoa."

"Ipoe!" nikasema.

Hapo ndipo kesi ikaanza. Sheikh akasema aliyechoma vijiji kumi na viwili si mgeni, ni mbwa mwitu kaingia zizini. Nikamwambia mbwa mwitu haombi maji. Mwingine akauliza alikuwa na silaha? Mwingine, alikula chumvi au mkate mtupu? Mzee Haji Falah aliyekuwa ametoka kutawadha akarudi katikati ya maneno, akamshika Sanad bega, uso umemkauka: "Nani kauawa, mwanangu? Wa ukoo gani? Jamaa zake wameshajua?" Wakamweleza ni mchezo. Akakaa, akafikiri, kisha akasema, "Hata kama. Hemani mwako?" Huyo ndiye mtu mmoja mwenye akili aliyekuja na wageni wale.

Wakaondoka. Finjani ikabaki mezani imejaa. Mimi nimekwenda posa na sulhu arobaini na moja, sijapata kuondoka nikaacha finjani imejaa, na sasa jambo hilo limetokea nyumbani kwangu, tena mimi ndiye niliyelifanya. Umm Rakan akaichukua ile finjani, akaimwaga kwenye ndoo mbele ya macho yangu. "Binti yako ana miaka ishirini na saba," akaniambia, "na wewe umemkosesha mume kwa ajili ya mchawi wa runinga." Wijdan tangu siku hiyo ananiletea chai isiyo na sukari.

Kisha ukaja ujumbe wako, maana habari zilishakufikia. Sasa waona kwa nini uliniuma.

Jumanne saa mbili asubuhi mlango ukagongwa. Nafungua, ni Sanad, peke yake, na mfuko mdogo begani.

"Mgeni, ami," akasema. "Nimeshikwa na njaa njiani."

"Kutoka Tafila mpaka hapa kuna mikahawa tisa," nikamwambia.

"Yote imefungwa, ami."

Mwongo! Lakini kabla sijafungua kinywa kumjibu, Umm Rakan keshapita chini ya kwapa langu na mkate wa moto na samli, na kijana keshamega. Akatafuna akinitazama machoni, polepole, akameza. Hapo nikajua nimenaswa.

Siku tatu na theluthi mgeni aliyekula mkate wako ni amana yako, Rudaina! Kwa sheria yangu mwenyewe niliyoipigia kelele mbele ya watu ishirini na wawili! Siwezi kumgusa, siwezi kumfukuza, na baya kuliko yote, siwezi hata kumuuliza amefuata nini mpaka siku zitimie. Najua amefuata nini. Mtaa mzima unajua amefuata nini. Lakini naweka sinia mbele yake na kusema, "Karibu, umetutia nuru," meno yamekazana.

Na anakula! Amekula yule jogoo wangu mwekundu aliyemfukuza mbwa wa polisi. Jana Umm Rakan kampikia mansaf, mansaf katikati ya wiki, nyama inamwagikia kando ya sinia la wali. Mimi nikifika nyumbani na homa napewa supu ya dengu. Wijdan anamletea chai, na nimeonja mabaki ya glasi yake: sukari vijiko vitatu.

Sasa, mtu hawezi kukaa siku tatu anatazamana na mgeni tu. Tukawasha mashine. Tukacheza. Nitasema haki: mikono yake ni myepesi, ingawa mara mbili nilimwokoa katika lile bonde la mifupa, na bila mimi angekuwa anacheza hapo mpaka leo. Tulipofika hemani, padi ya mchezo ilikuwa mkononi mwangu. Nikabonyeza: mwache. Urzaki akaondoka, moto ukawaka, runinga ikaniandikia tusi lake lilelile.

"Umeona?" nikamwambia. "Mimi sikumgusa."

"Nimeona, ami. Unamkumbuka msichana wa tanuri?"

"Yupi?"

"Mwanzo kabisa. Ulipokuwa huna hata viatu. Alikupa mkate, akakataa malipo."

Nikamkumbuka. Yule mwenye kilemba cha njano, anayekosea kuhesabu mikate.

"Hicho ndicho kijiji chake," Sanad akasema. "Mara ya kwanza na mimi nilimwacha Urzaki. Nikarudi pale kutafuta, nikakuta tanuri tu. Mara ya pili sikuweza." Kisha akaniuliza kwa adabu kabisa, macho chini: "Ami, kabla yeye hajala mkate wako, wewe ulikula mkate wa nani?"

Nilimkasirikia, Rudaina. Nilikasirika mpaka goti likapiga kengele. Nikamuuliza kwa nini hakuyasema hayo Ijumaa mbele ya wazee. Akasema, "Uliniuliza nimefanya nini, ami. Hukuniuliza kwa nini."

Nikatoka nje nikajifanya natazama tangi la maji.

Usifikiri nimeshindwa. Nimekwisha kupata jibu, nalo nimelipata leo, baada ya chakula cha mchana. Umm Rakan alinituma nikate tikitimaji. Nikachukua kile kisu kirefu cha kuchinjia, maana vidogo huvioni katika nyumba hii, nikapita sebuleni. Na yule kijana kalala. Kalala kwenye godoro langu, kinywa wazi, mkono mmoja umening'inia, soksi moja ina tundu kidoleni. Mimi nimesimama juu yake na kisu.

Nilisimama kidogo, sikufichi. Nikamtazama. Mtu huyu anajua nina hasira naye, anajua nimemwaibisha mbele ya wazee wake, na kalala hivyo, kama mtoto. Kalala kwa sababu aliamini nilichosema Ijumaa. Katika watu wote waliokuwa sebuleni ni yeye peke yake aliyeyachukua maneno yangu akayafanya godoro.

Basi nikajua wale waliotunga mchezo hawajapata kumwona mgeni amelala. Wangemwona wasingeweka kile kitufe. Lakini nikajua pia kwamba mimi nilikosa. Sikukosa kwa kumwacha Urzaki. Nilikosa kwa kumwacha aende peke yake. Mgeni wako hatoki kwako hivihivi! Siku tatu na theluthi anakula, kisha unamsindikiza mwenyewe mpaka mpakani, mkono kwenye farasi wake, na pale mpakani unamwambia: mkate umeisha, sasa shika upanga wako. Na yule wa tanuri anabaki na nyumba yake. Mwisho huo uko wapi? Hawakuuweka! Wametupa milango miwili, wakausahau ule wanaopita watu.

Kwa hiyo nakuagiza, na hili si ombi. Wewe unaijua lugha yao. Waandikie hao wenye mchezo, uwaambie ami yako wa Karak, aliyeliua joka kwa mkono mmoja, anataka mwisho wa tatu. Waambie siku tatu na theluthi, wasipunguze ile theluthi. Wasipojibu, nitakuja mwenyewe.

Nilimwamsha Sanad kwa tikitimaji. Alipofumbua macho akakiona kisu kwanza, kisha akaniona mimi, kisha tikiti. Unajua alisema nini? "Kipande cha katikati, ami, tafadhali." Hana haya hata chembe. Nikampa cha katikati.

Kesho, Ijumaa, saa kumi alasiri, theluthi inatimia. Sheikh Hazaa na wazee wake nimewapigia simu leo, watakuwa njiani kesho baada ya swala, wakidhani wanakuja kumchukua kijana wao. Saa kumi kamili nitamuuliza Sanad mbele yao amefuata nini, na safari hii nitamuuliza na kwa nini. Buni nimezikaanga kwa mkono wangu, nyumba nzima inanukia iliki. Finjani ya kesho haitapata nafasi ya kupoa.

Lakini wewe bado umekosea! Yeye alikuwa na sababu, wewe ulikuwa na maneno matatu.

Wijdan ameingia sasa hivi na chai, nimeionja. Ina sukari.

Nisalimie jirani yako yule wa Nablus anayekupikia, na mwenye nyumba wako. Hapa wanakusalimu Umm Rakan, Rakan na mkewe, baba yako aliyekuja kula mansaf akasingizia kanitembelea mimi, na Haji Falah kwa simu, ambaye bado anauliza kama jamaa za marehemu wameshajua. Mungu akutandikie njia laini huko kwenye baridi, akukutanishe na watu wa kukupa mkate usiohesabiwa, akurudishe kwetu ukiwa mzima na kifua kikavu.

Ni mimi ami yako, nikupendaye hata ukiwatetea wachoma wageni,

Mutlaq, Abu Rakan.